Akina Mama wa Monrovia Waliokaa Juani

Liberia ni nchi ndogo ya Afrika ya Magharibi, iliyo kati ya Sierra Leone, Guinea na Côte d'Ivoire. Wanafunzi wataiona upesi katika ramani, pale ambapo pwani ya Afrika inapinda kuelekea mashariki. Watumwa waliopata uhuru wao Marekani walianza kufika huko mwaka 1822, na tarehe 26 Julai 1847 wakatangaza jamhuri yao, ambayo ni ya zamani kuliko jamhuri zote zilizomo Afrika leo. Jina la nchi lenyewe maana yake ni uhuru. Lakini wazao wa wale waliotoka Marekani waliwatawala wenyeji muda wa zaidi ya miaka mia, na chuki iliyozaliwa hapo ilikuja kulipwa kwa damu.

Tarehe 24 Desemba 1989, siku ya kukesha Noeli, watu wa Charles Taylor walivuka mpaka kutoka Côte d'Ivoire wakiwa na silaha mikononi. Tokea siku ile nchi haikupata raha miaka kumi na minne, isipokuwa kituo kifupi katikati, ambapo Taylor mwenyewe alichaguliwa kuwa rais mwaka 1997. Waliokufa wanakadiriwa kuwa 250,000. Mwezi wa Julai 1990 askari wa serikali waliingia usiku katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, mjini Monrovia, ambamo watu walikuwa wamekimbilia, wakaua kama mia sita, wanawake na watoto pamoja. Mwezi wa Oktoba 1992 Masista watano wa Kikatoliki, wenyeji wa Marekani, waliuawa kando ya mji huo huo. Watoto wadogo walipewa bunduki na madawa ya kulevya, wakafundishwa kuua hata jamaa zao. Msomaji wa Kivu au wa Ituri hahitaji kuelezwa zaidi vita vya namna hiyo ni vitu gani.

Sasa nataka kuwasimulieni habari za mwanamke kijana aliyeitwa Leymah Gbowee, na za wenzake, ambao mwaka 2003 walifanya kazi iliyowashinda majenerali.

Leymah alizaliwa mwaka 1972. Vita vilipoanza alikuwa na miaka kumi na saba, ametoka kumaliza masomo ya sekondari, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Masomo yakakatika. Akawa mkimbizi huko Ghana pamoja na mwanamume aliyekuwa akimpiga, hata siku moja akachukua watoto wake watatu akapanda basi kwa deni, maana hakuwa na senti moja, akasafiri zaidi ya juma zima kurudi Liberia. Hayo yote ameyasema yeye mwenyewe bila kujificha. Mwaka 1998 aliingia kujitolea katika kazi ya Walutheri ya kuwatuliza watu walioharibiwa roho na vita, na ofisi ya kazi hiyo ilikuwa papo hapo penye lile kanisa la Mtakatifu Petro lililomwagiwa damu. Waliowekwa mikononi mwake walikuwa vijana waliokuwa askari wa Taylor tangu utoto wao. Walimtukana, naye akazidi kuwaendea. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa akisoma Mother Patern College, shule ya juu ya Wakatoliki mjini Monrovia, akapata cheti chake mwaka 2001. Naona ni vema wanafunzi walijue jambo hili: mama mwenye watoto wanne (wa nne alikuwa amekwisha zaliwa), mchana kazini, jioni na daftari.

Mwaka uo huo wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika ya Magharibi walianzisha shirika lao la kutafuta amani, WIPNET, na Leymah akawekwa kuliongoza katika Liberia. Kisha akaota ndoto, anasema, iliyomwambia awakusanye wanawake wasali kwa ajili ya amani. Kwanza aliona kwamba kazi ile ni ya mtu mwingine, kwa maana hakujiona mwema wa kutosha. Wenzake hawakukubali. Wakaanza wachache, wakisali na kufunga chakula.

Siku moja katika mkutano wao kanisani alisimama mwanamke Mwislamu, mtu wa polisi mwenye cheo, jina lake Asatu Bah Kenneth. Akasema kwamba yeye peke yake ndiye Mwislamu hapo, na ya kuwa atakwenda kuwaleta wengine. Ikawa hivyo. Wala si kwamba wote walifurahi. Wakristu wengine walinung'unika, wakiogopa kuchanganya sala zao na za watu wa dini nyingine. Jibu walilopewa na mmoja wao, Vaiba Flomo, lilikuwa swali: je, risasi inajua kumchagua Mkristu na kumwacha Mwislamu? Basi ubishi ukaisha, au walau ukanyamaza.

Kazi yao waliifanya kwa mpango. Siku ya Ijumaa walikwenda kwenye misikiti saa ya watu kutoka kusali, siku ya Jumamosi masokoni, siku ya Dominika makanisani. Waligawa karatasi, na kwa kuwa wanawake wengi hawakujua kusoma, karatasi nyingine zilikuwa na picha zilizochorwa. Janet Johnson Bryant, mwandishi wa Radio Veritas, redio ya Wakatoliki wa Monrovia, alitumia nafasi yake kupasha watu habari za mikutano hiyo. Wake wa matajiri na wauza samaki wakaitwa kukaa mkeka mmoja; ndiyo sababu waliamriwa wavae fulana nyeupe na kitambaa cheupe kichwani, pasipo hereni wala mikufu, ili asijulikane nani ni nani.

Kuanzia mwezi wa Aprili 2003 waliketi katika kiwanja karibu na soko la samaki, kando ya barabara kubwa ambayo rais hupita akienda ofisini na kurudi. Walihesabiwa zaidi ya elfu mbili. Jua la huko linachoma, na majira ya mvua yalipofika ilinyesha mvua ya kuloweka hata mifupa. Hawakuondoka. Kulipopambazuka walikuwapo, na Taylor alipopita na magari yake aliwaona, ijapokuwa alijifanya haoni. Hawakudai cheo, wala hawakusema nani ana haki kati ya serikali na waasi. Maneno yao yalikuwa machache: tunataka amani, na tunaitaka sasa. Kwangu mimi, nguvu yao ilitoka hapo. Mtu mwenye shauri moja tu ni vigumu kumgeuza.

Magazeti ya Ulaya na Marekani yamependa sana kusimulia kwamba wanawake hao waliwanyima waume zao unyumba mpaka vita viishe. Ni kweli lilifanyika, lakini Leymah mwenyewe amesema jambo hilo halikusaidia sana, ila liliwafanya waandishi wa magazeti wageuze macho yao kuitazama Liberia. Aliyeleta amani ni yule aliyekaa juani miezi, na habari zake hazichekeshi.

Tarehe 23 Aprili Taylor alikubali kuwapokea katika jumba lake. Leymah alisimama mbele yake kusoma maombi yao. Akasema kwamba wanawake wa Liberia wamechoka na vita, wamechoka kukimbia, wamechoka kuomba chakula cha msaada, wamechoka kuona binti zao wakinajisiwa. Nao wanasema sasa kwa ajili ya watoto, kwani kesho watoto watawauliza mama zao walifanya nini. Rais akaahidi kwenda kuzungumza na waasi. Wengine katika akina mama hao wakasafiri mpaka Freetown, katika Sierra Leone, walikokaa wakubwa wa waasi hotelini, wakawavizia huko mpaka nao wakakubali.

Mkutano ulifunguliwa Ghana tarehe 4 Juni 2003. Siku ile ile ikatangazwa kwamba korti ya kimataifa ya Sierra Leone imemshtaki Taylor kwa makosa ya vita, naye akarudi mbio Monrovia. Mapigano yakawaka upya. Mabomu yalianguka juu ya watu waliokimbilia karibu na ubalozi wa Marekani, na jamaa zao wakaziweka maiti mbele ya lango la ubalozi huo. Wakati huo wajumbe huko Ghana wanalala katika hoteli nzuri, wanalipiwa chakula na posho, wanagombania nani atapata uwaziri gani. Wiki sita zikapita.

Basi siku moja ya mwezi wa Julai Leymah aliingia na wanawake kama mia mbili katika jumba la mkutano, wakaketi chini mbele ya mlango wa sala, mkono wa huyu umeshikana na mkono wa yule. Barua ikapelekwa ndani kwa mwenye kuongoza mkutano, Jenerali Abdulsalami Abubakar, aliyekuwa zamani mkuu wa Nijeria: hakuna atakayetoka mpaka mpatane. Yule mzee akawatangazia wajumbe ya kuwa jumba limetekwa na Jenerali Leymah na jeshi lake.

Walinzi wakaja kumkamata kwa kosa la kuzuia kazi ya mkutano. Hapo ndipo alipoanza kuvua kitambaa chake, akisema kwamba atajivua nguo zote mbele yao. Pengine Mzungu asingeelewa. Lakini kwa watu wa Afrika ya Magharibi, na kwetu pia wazee wanalijua jambo hili, mama akijiweka uchi mbele ya wanaume kwa ghadhabu, hiyo ni laana isiyofutika upesi. Walinzi wakarudi nyuma. Mkubwa mmoja wa waasi alitaka kuwaruka akina mama na kuwapiga mateke ili apite. Jenerali Abubakar akamzuia, akamwambia kwamba kama angekuwa mwanamume kamili asingewaua watu wake, na kwa sababu si mwanamume, ndiyo maana akina mama wanamtendea kama mtoto. Arudi ndani akakae. Naye akarudi.

Waliondoka mlangoni baada ya kuahidiwa kwamba wajumbe watahudhuria kila kikao na kuacha kuwatukana. Wakasema watarudi tena ikiwa maneno yatabaki maneno. Tarehe 11 Agosti Taylor aliacha urais akaenda Nijeria. Tarehe 18 Agosti 2003 mapatano ya amani yalitiwa sahihi mjini Accra. Sisemi kwamba ni wanawake peke yao walioleta hayo: waasi walikuwa wameuzingira mji, Marekani ilileta manowari zake karibu na pwani, majeshi ya Nijeria yalikuwa njiani. Lakini waliokuwa ndani ya sala ile wamekiri kwamba baada ya siku ya mlango kufungwa mazungumzo yalibadilika.

Wengi husimulia mpaka hapo, lakini akina mama hawakurudi nyumbani. Mwezi wa Desemba Umoja wa Mataifa ulipoanza kukusanya silaha, askari walikuja wengi kupita hesabu iliyotazamiwa, wakaleta fujo, watu wakafa. Wanawake walikuwa wametaka kusaidia tangu mwanzo, wasisikilizwe, sasa wakaitwa. Kazi ilipoanza tena mwaka 2004 walikwenda vijijini kusema na vijana, na mwisho zaidi ya watu 100,000 waliweka silaha au kuandikwa, miongoni mwao watoto kama 11,000. Mwaka 2005 waliandikisha wanawake wapige kura, hata kwa kuwashikia watoto wachanga sokoni ili mama wapange mstari. Katika kura hizo Ellen Johnson Sirleaf alichaguliwa, mwanamke wa kwanza katika Afrika kuwa rais kwa kura ya watu. Mwaka 2011 yeye na Leymah, pamoja na Tawakkol Karman wa Yemen, walipewa Zawadi ya Nobel ya Amani. Zawadi hiyo hiyo ilikuja mpaka Bukavu mwaka 2018, alipopewa daktari Denis Mukwege pamoja na Nadia Murad wa Irak, aliyekuwa na miaka ishirini na mitano tu.

Yasemwe na machungu. Mwaka 2012 Leymah aliacha kazi aliyopewa ya kuongoza upatanisho wa taifa, akamlaumu Rais Sirleaf hadharani kwa kuwapa wanawe vyeo na kuwasahau maskini. Marafiki wawili wa Zawadi moja! Wengine walimwona hana shukrani. Mimi naona alifanya kwa Sirleaf yale yale aliyoyafanya kwa Taylor, kadiri ilivyofaa. Taylor mwenyewe mwaka uo huo alihukumiwa kifungo cha miaka 50. Lakini hukumu hiyo ilikuwa ya maovu ya Sierra Leone. Kwa damu ya Liberia korti haikuwekwa, na mwaka 2024 tu Rais Joseph Boakai alitia sahihi amri ya kufungua ofisi ya kuitayarisha.

Tangu mwaka 2004 wanawake wale walianza kujenga vijijini vibanda vya amani, kwa mfano wa baraza la zamani la wazee, ila safari hii wanaokaa mbele ni akina mama. Huletwa hapo mambo ya mke aliyepigwa, ya mume asiyelisha watoto, ya mpaka wa shamba. Kila upande hupewa nafasi ya kusema, na wanaume nao huja kushtaki. Mambo ya kunajisi na ya kuua hawayaamui wao: huyapeleka polisi, na katika vijiji vingine wamewekewa simu kwa kazi hiyo. Saa za kazi za kibandani hufuata saa za shamba, kwa maana waamuzi wenyewe wana mihogo ya kupalilia.