Ini la Mbuzi kama Darasa la Ultrasaundi Huko Turkana

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, mbuzi na kondoo wamewahi kuchunguzwa kwa ultrasaundi ili kutafuta ugonjwa wa haidatidi, yaani vifuko vya maji viletwavyo na tegu wa mbwa. Kwa mwanafunzi mgeni hakuna darasa bora zaidi.

Mbuzi husimamishwa, akashikwa na mwenyewe. Manyoya hunyolewa ubavuni kulia, jeli hupakwa, na ini hutafutwa kati ya mbavu. Kushoto hakufai: tumbo la kucheulia lina gesi, nayo huzuia mawimbi ya sauti. Kifuko huonekana cheusi, chenye ukingo mweupe. Mfuko wa nyongo nao ni mweusi, na hapo wengi hubabaika. Lakini huo, ukifuatwa, huonyesha shingo. Vifuko vya mapafuni hufichwa na hewa, hivyo picha safi haithibitishi kwamba mnyama ni mzima. Mbuzi akichinjwa, ini hupasuliwa na kulinganishwa na picha, faida ambayo sisi wa tiba ya binadamu huipata kwa nadra.

Binadamu huambukizwa kwa kumeza mayai ya tegu yatokayo na kinyesi cha mbwa. Mhudumu akutanapo na tumbo lililovimba polepole, asidunge sindano kabla ya ultrasaundi: maji ya kifuko yakivuja yaweza kuleta mzio wa kuua na kueneza ugonjwa tumboni. Nyumbani, mbwa asipewe maini wala mapafu mabichi. Apewe prazikwanteli kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, na mikono ioshwe baada ya kumshika.