Supachaja ya Levin kwa Hewa ya Jego

Mpwa wangu ana Toyota Corolla Levin ya 1990, milango miwili, injini ya 4A-GE ya lita 1.6. Juzi alinionyesha picha ya supachaja inayouzwa Nairobi, kubwa kama kichwa cha jenereta. "Mjomba, hii itatosha?" Itazidi. Mimi ni fundi hapa Jego, na naipenda ile gari kiasi cha kutotaka kuiona imetoboka pistoni kando ya barabara ya Vanga.

Supachaja husukuma ndani ya silinda hewa nyingi kuliko ile ambayo injini ingevuta yenyewe. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huongezwa, nguvu hupanda. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka puli ya krenki, kwa hiyo inakula sehemu ya nguvu ya injini, lakini ukikanyaga inaitikia papo hapo.

Ukubwa wake huchaguliwa kwa hesabu. Injini ya lita 1.6 humeza lita 0.8 krenki inapozunguka mara moja. Mwaka 1986 Toyota waliifungia injini ya ukoo huu, 4A-GZE, supachaja ya SC12 ndani ya MR2. Hiyo hutoa lita 1.2 kwa mzunguko. Ikizungushwa sawa na krenki, 1.2 kwa 0.8 ni mara moja na nusu, kabla ya kutoa inayovuja.

Sasa tazama tulipo. Nairobi iko juu, hewa yake ina mgandamizo wa kilopaskali kama 82. Ikizidishwa mara 1.5 inakuwa 123. Hapa pwani hewa ni 101, nayo inafika 152. Puli ni ile ile, pistoni ni zile zile, mzigo umepanda karibu robo. Mwenye gari wa Nairobi akikwambia injini yake haijawahi kugonga, anasema kweli, lakini ni kweli ya huko juu.

Halafu kuna joto. Supachaja ya Roots, yenye rota mbili zinazopishana, huchemsha hewa: ikiingia na nyuzi 32 za adhuhuri yetu, kwa mgandamizo huo inaweza kutoka karibu na 100. Petroli hujiwasha kabla ya wakati wake, injini inagonga. Ndiyo maana Toyota walishusha mbano wa 4A-GZE ya kwanza hadi 8.0 kwa 1, wakaweka na kipoza cha hewa hiyo. Levin za Japani za 1990 zenye 4A-GE zina 10.3 kwa 1. Kuzifungia mtambo mkubwa bila kubadili pistoni ni kuziua.

Kuna aina nyingine, ya feni, inayofanana na turbo upande wa hewa. Haichemshi hewa sana, ila nguvu yake huja injini ikizunguka kwa kasi. Kutoka hapa hadi Lunga Lunga kuna watoto wa shule, mbuzi na matuta. Hizo kasi utazitumia wapi? Roots inavuta tangu chini, na ndiyo ninayoichagua.

Nimemshauri atafute Eaton M45, iliyofungwa kwenye MINI Cooper S za 2002 hadi 2006. Inatoa lita 0.74 kwa mzunguko. Puli ikiizungusha mara 1.4 ya krenki, hewa inazidi kwa takriban asilimia 30, na kwa pistoni alizonazo sitaki zaidi. Bei ya mtambo isimdanganye: kipoza hewa, injekta kubwa zaidi, pampu ya petroli na kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya vitamgharimu zaidi kuliko supachaja yenyewe. Kipoza nacho kioshwe kwa maji baridi mara kwa mara, maana chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini. Na kabla ya safari ya kwanza nitafunga geji ya presha mbele ya usukani, aione mwenyewe anapokanyaga.