Simu na Mazoea ya Kusoma (2): Siku Isiyosomwa Isiwe Kosa

Katika sehemu ya kwanza tulieleza kwa nini watu wazima wengi waliohitimu shule hawafungui kitabu: siku yao haina nafasi iliyotengewa kusoma. Leo tutazame jinsi programu ya simu inavyoweza kuwasaidia kuipata nafasi hiyo.

Mwaka 2010 Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha utafiti uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kula, kunywa au mazoezi, akalifunga kwenye jambo analolifanya kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa mtu wa kati, tendo lilikadiriwa kuwa mazoea baada ya siku 66. Wepesi walikadiriwa kuhitaji 18, wazito 254. Tena, kukosa siku moja hakukuharibu kitu.

Mbunifu wa programu ana mengi ya kujifunza hapo. Programu nyingi humtaka msomaji achague saa, kisha hutuma arifa. Lakini saa mbili usiku leo mama yuko jikoni, kesho yuko msibani, na arifa inafutwa bila kusomwa. Afadhali aulizwe: utasoma baada ya jambo gani? Baada ya swala ya alfajiri, akishakaa kwenye daladala, watoto wakishalala. Mambo hayo hujirudia hata saa zikibadilika, nayo ndiyo yatakayomkumbusha siku arifa zitakapozimwa.

Linalofuata ni kiasi cha kusoma. Mtu aliyekaa miaka bila kusoma asipewe sura ya kurasa 30. Magazeti ya Kiswahili yamechapisha riwaya kwa vipande kwa miongo mingi, na wasomaji wakasubiri toleo lijalo kwa hamu. Siku hizi waandishi wetu huuza sehemu za hadithi kwa WhatsApp. Afrika Kusini, shirika la FunDza limekuwa likiwapa vijana hadithi kwa sura fupi fupi kupitia simu tangu 2011. Kipande kinachokwisha kabla ya kituo cha kushuka humwachia msomaji hamu ya kesho.

Gharama nazo zizingatiwe. Ripoti ya UNESCO ya 2014 kuhusu kusoma kwa simu ilitokana na kuwahoji watu zaidi ya 4,000 katika nchi saba, Uganda ikiwemo, waliosoma kupitia huduma ya Worldreader, ambayo ilifanya kazi hata kwenye simu za bei nafuu. Wanaume walikuwa asilimia 77 ya watumiaji, lakini wanawake walisoma wastani wa dakika 207 kwa mwezi, wanaume 33. Maana yake ni kwamba wanawake wachache hufika mlangoni, ila wakiingia husoma kwelikweli. Basi, ili gharama isiwazuie mlangoni, kitabu kipakuliwe mara moja na kisomwe bila bando, na programu iwe nyepesi kiasi cha kukaa kwenye simu ambayo familia nzima huitumia.

Kosa ninaloliona baya zaidi ni hesabu ya siku mfululizo inayorudi sifuri mtu akikosa siku moja. Mfanyakazi aliyeuguliwa na mtoto anafungua simu na kukuta jitihada zake za miezi miwili zimefutwa. Huyo haanzi upya, anaondoka. Utafiti wa Lally umeonyesha kwamba siku moja haibomoi mazoea, kwa hiyo programu isiyabomoe kwa niaba yake. Imfungulie pale pale alipoachia, imkumbushe kwa sentensi mbili hadithi ilipofikia, aendelee.

Ningependa wanaofadhili programu hizi waache kuuliza ni watu wangapi wamezipakua. Waulize: kati ya waliopotea wiki nzima, wangapi wamerudi kusoma? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama tumejenga wasomaji.

Wiki ijayo: vitabu vya Kiswahili vya kuweka ndani ya programu hizo, na malipo ya waandishi wake.