Kanuni za Kihisabati na Busara ya Mwekezaji katika Soko Dogo la Hisa: Mfano wa Kigali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya mifumo ya kihisabati na ya uamuzi wa mtu binafsi katika biashara ya hisa, kwa kurejelea Soko la Hisa la Rwanda lililoko Kigali. Hoja kuu ni kwamba pale hisa zinapouzwa kwa nadra, takwimu za bei huipotosha programu ya kompyuta na wakati huohuo humnyima binadamu fursa ya kujifunza kutokana na makosa yake. Kinachofaa ni kanuni chache zilizoandikwa, pamoja na masharti ya wazi kuhusu lini mtu anaruhusiwa kuzitengua.

1. Utangulizi

Biashara rasmi ya dhamana mjini Kigali ilianza Januari 2008, kwa mauzo yaliyofanywa moja kwa moja kati ya madalali. Tarehe 31 Januari 2011 Soko la Hisa la Rwanda lilizinduliwa, na hisa za Bralirwa zikaanza kuuzwa humo. Benki ya Kigali, ambayo leo imo ndani ya BK Group, iliorodheshwa mwaka huohuo. Baadaye zilifuata I&M Bank Rwanda mwaka 2017, Cimerwa mwaka 2020 na MTN Rwanda mwaka 2021. Zipo pia kampuni za Kenya, kama vile KCB, ambazo hisa zake zimeorodheshwa Kigali pamoja na Nairobi.

Soko hili ni dogo, lakini fedha zilizomo si za matajiri peke yao. Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda, inayotunza michango ya pensheni ya wafanyakazi, ni miongoni mwa wenye hisa wakubwa wa BK Group. Kwa hiyo, swali la nani aamue lini kununua na lini kuuza linamgusa mwalimu na muuguzi ambao huenda hawajawahi kukanyaga ofisi ya dalali. Kadiri programu za kuchanganua bei zinavyozidi kupatikana kwa urahisi, wasimamizi wa mifuko hushawishika kuzikabidhi uamuzi huo. Makala haya yanaeleza ni kwa kiasi gani ushawishi huo una msingi.

2. Ushahidi unaoziunga mkono kanuni

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Meehl alilinganisha tafiti zipatazo 20 zilizopima utabiri wa wataalamu dhidi ya utabiri wa fomula sahili za kitakwimu. Karibu katika tafiti zote, fomula zililingana na wataalamu au ziliwashinda. Sababu haikuwa kwamba fomula zilijua zaidi. Tofauti yake na mtaalamu ni kwamba fomula hutoa jibu lilelile kila inapopewa taarifa zilezile, ilhali mtaalamu hubadilika kwa uchovu, kwa hofu au kwa habari aliyoisikia asubuhi hiyo.

Katika biashara ya hisa, Brad Barber na Terrance Odean walichunguza akaunti za kaya 66,465 za Marekani kati ya mwaka 1991 na 1996. Kaya zilizonunua na kuuza mara nyingi zaidi zilipata faida ya asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko kwa ujumla lilitoa asilimia 17.9. Kila uamuzi wa ziada ulikuwa na gharama yake, na kujiamini kupita kiasi ndiko kulikouzalisha. Kwa kuzingatia ushahidi huu pekee, mtu angeweza kuhitimisha kwamba uamuzi ukabidhiwe hesabu. Hitimisho hilo, hata hivyo, linategemea sharti moja ambalo masoko makubwa hulitimiza bila kutajwa: bei inayoonekana iwe bei ya leo.

3. Ukimya wa bei

Katika soko dogo sharti hilo mara nyingi halitimizwi. Tuchukue mfano wa kubuni wa hisa ambayo bei yake ya mwisho ilikuwa faranga 300. Kwa siku tisa hakuna aliyeuza wala aliyenunua, na kila siku orodha ya bei inarudia 300. Siku ya kumi mwenye hisa mmoja anahitaji fedha na anauza kwa faranga 285, yaani pungufu kwa asilimia 5. Programu inayopima kuyumba kwa bei, ikisoma siku tisa za kwanza, itatoa jibu la sifuri na kuitangaza hisa hiyo kuwa salama kuliko zote. Ikisoma siku zote kumi, itaona mabadiliko ya wastani wa asilimia 0.5 kwa siku na kipimo cha mtawanyiko cha asilimia 1.5. Majibu yote mawili yanachanganya mambo mawili tofauti, yaani bei isiyobadilika kwa sababu wanunuzi na wauzaji wameridhika nayo, na bei isiyobadilika kwa sababu hakuna aliyeulizwa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kosa hilo huzaa jingine. Ikiwa hisa mbili za uchumi mmoja zinauzwa katika siku tofauti, mabadiliko ya bei zake hayatakutana katika takwimu. Hesabu itaonyesha kwamba hazina uhusiano, na msimamizi wa mfuko ataamini kwamba kwa kuzinunua zote mbili ameitawanya hatari. Uchumi ukitikisika, hisa zote mbili zitashuka pamoja.

Mtu mwenye uzoefu ana nafuu hapa. Akiona bei ya KCB imesimama Kigali, anajua kuitazama Nairobi, ambako mauzo ni mengi, kabla ya kuamini kwamba thamani haijabadilika. Programu nayo inaweza kuelekezwa kufanya hivyo, lakini sharti kwanza awepo mtu wa kutambua kwamba namba ya Kigali imechakaa.

4. Mnunuzi asiyekuwepo

Mifumo mingi ina kanuni ya kuuza bei inaposhuka hadi kiwango fulani. Kanuni hiyo inachukulia kwamba yupo mnunuzi. Tarehe 19 Oktoba 1987 mjini New York, mifuko mikubwa ilikuwa ikifuata mbinu ya kihisabati ya kuuza zaidi kadiri bei zilivyoshuka. Kila mauzo yalishusha bei, na kila kushuka kuliamuru mauzo mengine. Kipimo cha Dow Jones kilianguka kwa asilimia 22.6 katika siku moja. Mbinu hizo hazikuwa chanzo pekee cha anguko hilo, lakini zililizidisha, kwa sababu kila mfuko ulijihesabu kana kwamba ndio muuzaji wa pekee.

Tatizo lililotokea huko katika siku ya dharura ni hali ya kawaida katika soko dogo. Mfuko wenye hisa 50,000 katika soko ambalo wastani wa mauzo ni hisa 1,000 kwa wiki utahitaji wiki 50 kuziuza zote bila kuzidi kasi ya soko. Amri ya kuuza mara moja haiwezi kutekelezwa ila kwa kuivunja bei ambayo mfuko wenyewe unatumia kupima mali yake.

5. Udhaifu wa busara

Haifuati kutokana na hayo kwamba binadamu aachiwe kila kitu. Busara hukua mtu anapoamua, akaona matokeo na akajisahihisha. Katika soko lenye mauzo machache, matokeo huchelewa kwa miezi au miaka, na yanapofika huwa yamechanganyika na sababu nyingine. Mtu anaweza kukosea kwa muda mrefu huku akijihesabu stadi.

Lipo pia jambo linalohusu udogo wa mji. Dalali, mkurugenzi wa kampuni na msimamizi wa mfuko huenda wanafahamiana. Kinachoitwa hisia ya soko kinaweza kuwa, kwa kweli, habari za ndani ambazo umma haujapewa, na kuzitumia katika biashara ya hisa ni kosa. Kanuni iliyoandikwa humlinda msimamizi mwaminifu, kwa kuwa humwezesha kuonyesha kwamba aliuza kwa sababu iliyojulikana kabla, wala si kwa sababu alinong'onezwa.

6. Lini kanuni itenguliwe

Meehl mwenyewe alitoa mfano uliopata umaarufu. Fomula inaweza kutabiri kwamba mtu fulani atakwenda sinema kama ilivyo desturi yake, lakini ikijulikana kwamba amevunjika mguu, utabiri huo ni lazima uachwe. Onyo lake lilikuwa kwamba watu huona miguu iliyovunjika mahali isipokuwepo.

Kigali imewahi kuwa na tukio la namna hiyo. Kampuni ya Crystal Telecom iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2015, na mali yake kuu ilikuwa sehemu ya umiliki wa MTN Rwanda. Mwaka 2021 MTN Rwanda iliorodheshwa yenyewe, wenye hisa wa Crystal Telecom wakapewa hisa za MTN Rwanda moja kwa moja, na Crystal Telecom ikaondoka sokoni. Mfululizo wa bei zake ulikoma. Hakuna wastani wa bei zilizopita ambao ungemweleza mwekezaji maana ya mabadiliko hayo. Ilimpasa kusoma waraka wa kampuni na kuuelewa. Mguu uliovunjika ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi, si kwenye namba.

Mfano huu unatoa kigezo. Kanuni itenguliwe pale panapokuwa na tukio mahususi, linaloweza kuthibitishwa kwa waraka wa hadharani, ambalo takwimu za nyuma haziwezi kuwa nalo. Wasiwasi, msisimko au maoni ya jumla kuhusu uchumi havitoshi.

7. Hitimisho na mapendekezo

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kila bei inayotangazwa iambatane na tarehe ya mauzo ya mwisho na idadi ya hisa zilizouzwa, ili ukimya usisomwe kama utulivu. Pili, mifuko inayotunza akiba za umma iandike kanuni zake za kununua na kuuza, na kila utenguzi uwekwe kwenye kumbukumbu pamoja na sababu yake na jina la aliyeuidhinisha. Baada ya miaka kadhaa kumbukumbu hizo zitaonyesha kama busara iliongeza faida au iliipunguza. Tatu, mdhibiti anapopitia mfumo wowote wa kompyuta unaotumiwa katika biashara ya hisa aulize, kabla ya mengine yote, mfumo huo utafanya nini siku ambayo hakuna mnunuzi.

Mwenye pensheni hajui kama hisa zake ziliuzwa na programu au na mtu. Anachostahili ni kwamba, akiuliza kwa nini ziliuzwa, awepo wa kumjibu.