Inuka, Usaidie Moyo Wako

Ndugu msomaji, moyo wako unasukuma damu usiku na mchana. Haupumziki. Lakini moyo una msaidizi. Msaidizi huyo ni miguu yako.

Miguu inausaidiaje moyo?

Damu hushuka miguuni kwa urahisi. Kurudi juu ni kazi. Unapotembea, misuli ya mashavu ya miguu hukaza na kulegea. Kila inapokaza, huibana mishipa na kuisukuma damu juu. Ukikaa kitini kwa muda mrefu, misuli hiyo hulala. Damu huenda polepole. Ndiyo maana mtu aliyesafiri kwa basi kutwa nzima hushuka na miguu iliyovimba.

Tena, misuli inayofanya kazi hutumia sukari na mafuta yaliyomo katika damu. Misuli ikilala, vitu hivyo hubaki katika damu muda mrefu zaidi. Hali hii ikiendelea kwa miaka mingi, mishipa hukakamaa na njia ya damu huwa nyembamba. Mtu anaweza kupata presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au kiharusi.

Tumejuaje?

Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, Uingereza. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Basi lilikuwa moja, lakini makondakta waliugua moyo kidogo kuliko madereva.

Hapa Tanzania, wataalamu waliwapima Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi. Mwaka 2020 walieleza kwamba Wahadzabe hupumzika karibu saa 10 kila siku. Hata hivyo, mioyo yao ni mizima. Kwanza, wanatembea sana. Pili, wakipumzika mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi. Kwa hiyo kupumzika si kosa. Ubaya ni kukaa mno bila kujinyoosha.

Je, jambo hili linatuhusu?

Pengine unasema, "Mimi ni mkulima, sikai." Ni kweli, jembe huulinda moyo. Lakini tazama kijijini kwako. Yuko mwenye duka. Yuko dereva. Yuko mama anayeuza nyanya sokoni na yule anayesuka mikeka. Wako wazee wanaocheza bao tangu adhuhuri mpaka jioni. Hawa wote hukaa sana. Wengi wao wana watoto wanaowategemea.

Tufanye nini?

1. Kila baada ya nusu saa, inuka utembee dakika 5. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, waliwapima watu 11. Siku waliyofanya hivyo, sukari na presha zao zilikuwa chini kuliko siku waliyokaa tu.

2. Kama huna saa, tumia kazi yako. Mwenye duka asimame kila anapokuja mteja. Msukaji ainuke kila anapomaliza ukili mmoja. Wacheza bao wainuke kila mchezo unapokwisha.

3. Weka maji ya kunywa mbali na kiti chako.

4. Dereva ashuke atembee kila anaposimamisha gari.

5. Mzee asiyeweza kutembea anyanyue visigino na kuvishusha mara nyingi, hata akiwa amekaa.

Kumbuka, kiti si adui pekee wa moyo. Tumbaku, pombe na chumvi nyingi huudhuru pia. Mara nyingi presha haina dalili, basi nenda zahanati ukapimwe. Ukiwa umepewa dawa za presha, usiziache.

Ukipata maumivu ya kubana kifuani, au mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usingoje kesho. Nenda zahanati au hospitali mara moja.

Ndugu msomaji, dawa hii haiuzwi dukani. Umekwisha kusoma ukurasa huu. Sasa simama, tembea kidogo.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini miguu huvimba katika safari ndefu?
2. Kijijini kwetu ni nani wanaokaa sana? Tuwasaidieje?
3. Wewe utainuka wakati gani katika kazi yako ya kesho?