Je, Wajua? Tokeni Hufungua Mlango Mmoja Tu

Mkazi wa Maji ya Chai akinunua umeme kwa simu hupokea tokeni ya tarakimu 20. Akiziingiza kwenye mita yake ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, uniti zinaingia. Jirani akizijaribu kwenye mita yake, zinakataliwa. Mwenyewe akizirudia kesho, zinakataliwa pia. Mita haihitaji intaneti kuamua hayo. Ina ufunguo wa siri ndani yake, na kwa ufunguo huo huitambua tokeni iliyotengenezwa kwa ajili yake, pamoja na dakika iliyotolewa.

Dakika hizo zilihesabiwa tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Zilimalizika Novemba 24, 2024. Ndiyo maana mwaka huo wateja wa LUKU walipokea mafungu matatu ya tarakimu: mawili ya kubadili ufunguo wa mita, la tatu la umeme wenyewe.

Ruhusa finyu kama ya tokeni hiyo, inayokubaliwa na mita moja tu, ndiyo inayohitajika sasa kwa mawakala wa akili unde. Wakala ni programu inayopewa kazi kwa lugha ya kawaida, kisha ikapanga yenyewe hatua za kuitekeleza. Kalenda, barua pepe na hesabu za ofisi ziko nje yake, kwenye seva za watu wengine. Novemba 2024 kampuni ya Marekani ya Anthropic ilitoa itifaki ya Model Context Protocol, ili mawakala na seva za zana wawasiliane kwa utaratibu mmoja. Machi 2025 iliongezewa kanuni za idhini zilizojengwa juu ya OAuth, mfumo wa kutoa idhini ambao toleo lake la 2.0 lilitoka 2012.

Tuseme kampuni ndogo ya utalii iliyo Maji ya Chai, inayopeleka wageni Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inataka wakala asome kalenda ya safari. Wakala anapobisha hodi bila kibali, seva ya kalenda humwelekeza kwenye seva ya idhini. Mwenye kampuni hufunguliwa ukurasa, huingia kwa nywila ambayo wakala haioni, husoma kinachoombwa, kisha hukubali au hukataa. Akikubali, wakala hupewa msimbo wa muda mfupi wa kubadilisha na tokeni. Tangu mwanzo wakala alitunga siri na kutuma alama yake ya kihisabati tu. Sasa lazima alete siri yenyewe. Mwizi aliyenasa msimbo njiani hana siri hiyo, kwa hiyo hapati kitu.

Tokeni inayotoka husema mambo matatu: kazi gani, seva gani, mpaka lini. Tofauti na ile ya LUKU, hii hutumika tena na tena hadi muda wake uishe, na kwa kawaida yeyote anayeishika anaweza kuitumia. Ndiyo sababu hupewa maisha mafupi. Kwenye Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha programu na M-Pesa nchini Kenya, tokeni hufa baada ya sekunde 3,600.

Ufinyu huo una faida kubwa kwa sababu wakala hudanganyika. Barua pepe ya mgeni inaweza kuficha amri: futa safari zote, hamisha pesa. Wakala akiitii huku ana tokeni ya kusoma kalenda tu, seva itagoma. Bado anaweza kuvujisha alichoruhusiwa kusoma, na hapo ndipo namba za pasipoti za wageni, kama zimeandikwa kwenye kalenda hiyo, zinapokuwa dhamana nzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa hizo azilinde.

Kwa hiyo, usimwandikie wakala nywila wala namba yako ya siri. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuruhusu, soma orodha ya ruhusa mstari kwa mstari. Ikiomba zaidi ya kazi uliyoitoa, kataa. Kazi ikiisha, ingia kwenye mipangilio ya akaunti uifute ruhusa hiyo siku hiyohiyo.