Muuguzi anaweza kujipakaa makiyaji kazini?



Majuma haya neno moja limeleta mabishano mengi katika mikutano yetu ya kartiye. Katika kituo kimoja cha afya cha mji wetu, mkubwa wa kazi alibandika karatasi ukutani: wauguzi wanawake hawana tena ruhusa ya kujipakaa makiyaji kazini. Poda, wanja, rangi ya midomo, verni, kucha za bandia, manukato, vyote vimekatazwa pamoja, katika mstari mmoja. Juu ya wauguzi wanaume karatasi haisemi kitu.

Wamama wakagawanyika. Mmoja alisema: "Hospitali si arusi. Mgonjwa anatafuta dawa, hatafuti uzuri." Mwingine, ambaye ni muuguzi wa materinite tangu miaka mingi, akamjibu: "Mama, mimi ninakesha na wazazi usiku kucha, na franka ninayopata ni kidogo, tena haiji kila mwezi. Ile poda ya asubuhi inaficha uchovu wangu ili mgonjwa asiogope. Munataka kuniondolea hata hiyo?"

Wote wawili wana neno la kweli. Lakini sisi tunaona kwamba karatasi ile imechanganya vitu vinavyoweza kuua mtu na vitu visivyodhuru hata inzi. Tuvitenganishe kimoja kimoja.

Tuanze na mikono

Mwaka 1847, kule Vienna, nchini Austria, muganga mmoja aitwaye Ignaz Semmelweis alisumbuka moyoni. Katika hospitali yake kulikuwa sehemu mbili za kuzalisha. Moja ilikuwa ya waganga na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwa waganga, wamama walikufa kwa homa ya uzazi kuliko kwa wakunga. Kumbe waganga walikuwa wanatoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha. Alipowalazimisha kunawa mikono kwa maji ya klorini, vifo vikapungua sana. Tangu wakati ule tunajua kwamba mkono wa mtu anayetutunza unaweza kutuponya, tena unaweza kutuua.

Chini ya kucha ndefu vijidudu hujificha, na sabuni haifiki vizuri. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2009 juu ya usafi wa mikono, linasema kwamba mtu anayegusa wagonjwa asivae kucha za bandia, na kucha zake mwenyewe zisipite nusu sentimeta.

Hilo si neno la kutisha watu bure. Katika hospitali moja ya Oklahoma City, Marekani, kati ya mwaka 1997 na 1998, watoto wachanga 46 waliokuwa katika chumba cha wale wanaohitaji uangalizi mkubwa walipatwa na bakteria moja mbaya, na 16 kati yao walikufa. Wachunguzi waliofuata jambo hilo waliona kwamba kucha ndefu za wauguzi, za asili na za bandia, huenda zilisaidia kuisambaza. Wale wauguzi hawakutaka kumdhuru mtoto yeyote. Walikuwa wanawake kama sisi, wanaopenda mikono mizuri.

Verni nayo? Ikiwa ni mpya na kucha ni fupi, haionekani kuongeza hatari. Lakini ikianza kubanduka, vijidudu vinapata pahali pa kukaa. Na nani kati yetu, mwenye kufua, kupika na kunawa mikono mara makumi kwa siku, anayeweza kuiweka mpya kila asubuhi? Afazali muuguzi aiache kwa siku za mapumziko. Pete nazo ni vivyo hivyo: ngozi iliyo chini ya pete hushika vijidudu vingi kuliko pengine.

Uso ni neno lingine

Poda nyepesi, wanja kidogo, rangi ya midomo isiyopiga kelele: hivyo haviingii katika kidonda, wala havigusi sindano. Hatujaona sababu ya afya ya kuvikataza. Mgonjwa anayefika na homa na woga, akipokewa na muuguzi mwenye uso nazifu na macho ya upole, anapata nguvu. Na muuguzi anayejiona yuko vizuri anasimama wima katika bluzi yake nyeupe.

Lakini uso pia una mipaka yake. Kope za bandia zinaweza kubanduka na kuanguka pahali pasipofaa, pengine katika kidonda au juu ya mtoto mchanga. Poda nzito inachafua barakoa. Tena mtu aliyejipaka sana hujigusa mara kwa mara: anapangusa jasho, anasahihisha wanja, anajitazama katika kioo cha simu. Sisi wa mashariki ya Congo tunajua mkono unaogusa uso unaweza kuleta nini. Ebola iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri pia, na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287, na wauguzi walikuwa miongoni mwa walioambukizwa. Aliyevaa yale mavazi ya kujikinga, jasho likishusha wanja machoni, hana ruhusa ya kupangusa. Wakati wa magonjwa ya namna ile, uso mtupu ndio salama.

Na manukato? Hapa tunaungana na ile karatasi. Mwanamke mwenye mimba changa anatapika kwa harufu tu. Mwenye pumu anaweza kukosa pumzi. Maji na sabuni vinatosha.

Jambo ambalo karatasi haikusema

Kuna mapambo mengine yanayotuumiza zaidi, na karatasi ile haikuyataja: mafuta ya kung'arisha ngozi. Mengi yana hidrokinoni, mengine yana zebaki, mengine yana dawa kali za jamii ya kortizoni. Zebaki inaharibu figo. Kortizoni ikipakwa muda mrefu inafanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na kidonda kinachelewa kupona. Mama aliyepasuliwa wakati wa kuzaa, akiwa na ngozi ya namna hiyo, anaweza kupata mateso makubwa wakati wa kumshona na kumponyesha.

Wamama wa kijiji wakimwona muuguzi amejichubua, wanasema: "Yeye amesoma dawa, naye anayapakaa. Basi hayana ubaya." Rangi ya midomo inatoka jioni kwa maji. Fundisho la namna hii linabaki katika jamaa nyingi. Tunawaomba dada zetu wauguzi wawe wa kwanza kuacha mafuta hayo, na wa kwanza kuwaambia wengine sababu.

Na sisi wagonjwa?

Tusiwahukumu wauguzi peke yao. Muganga anapotaka kujua kama damu imepungua au pumzi haitoshi, hasa kwetu wenye ngozi nyeusi, anatazama midomo, ndani ya ukope, viganja na kucha. Kale kachombo wanakokabana kwenye kidole ili kupima hewa ndani ya damu kanaweza kudanganywa na verni nyeusi au ya buluu. Kwa hiyo, dada unayekwenda kuzaa au kupasuliwa, ondoa verni na rangi ya midomo ungali nyumbani. Ukisahau, mwambie muuguzi mara tu unapofika.

Tunaomba nini

Sisi hatusemi kituo kisiwe na sheria. Tunasema sheria isimame juu ya afya ya mgonjwa, na iwe moja kwa wote. Mwanaume mwenye kucha ndefu, pete tatu na manukato makali ni hatari sawa na mwanamke. Kama karatasi inamtaja mwanamke peke yake, hiyo si sheria ya usafi, ni sheria ya kumchunga mwanamke.

Basi karatasi mpya ingeweza kuandikwa hivi:

– Kucha fupi, bila verni wala kucha za bandia, kwa kila anayegusa mgonjwa.
– Pete na bangili zibaki nyumbani au mfukoni.
– Hakuna manukato makali wala kope za bandia.
– Nywele na meshi zifungwe nyuma.
– Makiyaji mepesi ya uso yanaruhusiwa, isipokuwa wakati wa magonjwa ya kuambukiza.

Na juu ya yote hayo, maji. Tumeona vituo ambamo robine imekauka, sabuni imekwisha, na glovu inapaswa kununuliwa na jamaa ya mgonjwa. Kunawa vizuri kwa maji na sabuni kunahitaji sekunde 40 hadi 60, na muuguzi hawezi kunawa hewa. Kukataza rangi ya midomo hakulipwi hata franka moja. Kuweka ndoo yenye robine, sabuni na glovu kunalipwa, na ndiko kunakookoa watoto wetu. Mkubwa anayetaka usafi aanzie hapo, nasi tutamsaidia kubeba maji kama inafaa.

Wamama mulio wauguzi, na nyinyi wamama mulioshika namba katika vituo vyetu, leteni mawazo yenu katika mkutano wa juma lijalo. Tutayaandika pamoja, kisha wajumbe wetu watayapeleka kwa mkubwa wa kituo, kwa heshima na bila woga.